Mgeni Amekula Nini Leo

Juzi nilikaribia kulala ndani kwa polisi kwa sababu ya kinyonga. Wewe unanijua, mdomo yangu haina breki, lakini siku hiyo hata mkono ulikosa breki. Nilikuwa kwa kibanda changu hapa Kitale, nimefungua simu ya mteja, skrubu nimezipanga kwa kifuniko cha soda, nikasikia vijana wa boda wanapiga kelele kando ya mtaro. Kumbe kinyonga alikuwa anajaribu kuvuka barabara na mmoja wao akammwagia petroli na kuwasha kiberiti. Nikifika alikuwa ameshaungua, mweusi ti, mkono mmoja bado umekunjwa vile wanashikanga tawi.

"Sista, pole. Kwani alikuwa ndugu yako?" yule wa kiberiti akaniuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Alikuwa wa kwetu," nikamwambia, halafu nikamrushia stuli.

Wazee wa steji ndio walitutenganisha. Nimeambiwa niombe msamaha na siombi. Lakini nikirudi kwa kibanda hata skrubu sikuweza kushika, nikafunga na jua bado iko juu. Watu hapa wanasema niko na kichwa mbaya. Acha niwe nayo. Wewe keti nikuambie ilianzia wapi, maana najua ukisikia hutanicheka.

Mimi nililelewa upande wa Bungoma, ukipita Sirisia kidogo kama unaelekea Lwakhakha, kwa wazazi wa mama. Bibi tulimwita kukhu na babu tulimwita kuka, vile Wabukusu wote wanaita. Mama mwenyewe alikuwa Kitale, ameandikwa kazi kwa shamba ya watu wa mbegu, anachambua mahindi, anakuja nyumbani Krismasi na mkate na blanketi. Kwa hivyo hao wazee wawili ndio walikuwa dunia yangu yote. Boma ilizungushwa na kayaba, ile miti ya miba yenye matunda ya njano ukiuma meno yote inalia kwa ukali. Nyuma ya jikoni kulikuwa na ndizi na mistari michache ya kahawa. Asubuhi uliamshwa na moshi ya kuni na sauti ya posho mill ng'ambo ya mto, tuk tuk tuk, na saga, zile mboga chungu, za jana zikipashwa na maziwa. Ilikuwa ile miaka simu bado ni kitu ya maana. Upande wetu wote simu ilikuwa ya khocha, mjomba wangu, na network ilipatikana tu juu ya kichuguu cha kuka. Ungeona mtu mzima amepanda huko, mkono kwa kiuno, anauliza upepo "Unanipata? Unanipata?" na kuka hapo chini anamwambia, "Shuka polepole, unanikanyagia kumbikumbi."

Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufukuza ndege kwa wimbi, na kuketi na kukhu tukipepeta. Hapo kwa ungo ndio alinisimulia hadithi ambayo sijawahi kuiweka chini. Zamani, alisema, watu hawakuwa wanakufa. Siku moja mtu alikuwa ameketi nje ya nyumba yake anakula. Kinyonga akaja, amechoka na safari, akamwomba chakula. Yule mtu akamfukuza. Kinyonga akaomba tena, akafukuzwa tena. Ndio akasema, basi naenda, lakini kuanzia leo nyinyi mtakuwa mnakufa. Akaenda kwa nyoka, nyoka akamgawia chakula chake, na ndio maana nyoka akizeeka anavua tu ngozi anakuwa mpya.

"Na kama angepewa?" nikamuuliza.

"Angepewa nini?"

"Chakula, kukhu. Kama huyo mtu angempa."

"Basi tungekuwa tumejaa hapa mpaka hakuna pahali pa kulima," akasema, akapuliza makapi. "Pepeta, mayi, jua inaenda." Mayi ni mama. Ndivyo mabibi wa kwetu wanaita wasichana wao, hata kama wako darasa la nne na kamasi iko kwa mdomo.

Huo mwaka ndio tumbo ya kuka ilianza kuvimba. Alikuwa mtu mkubwa, alilima hiyo kahawa peke yake, na sasa mikono ilikuwa imekonda lakini tumbo inakua. Chakula kilimshinda. Kukhu alimpikia uji wa wimbi, akampikia mayai, akampikia samaki na kumtolea miiba yote, na yeye alionja kidogo akafuta mdomo na kusema ni tamu, ameshiba. Hakuwa ameshiba. Kila mtu alijua. Nikipita karibu na jikoni watu wazima walinyamaza, na mimi sikuwa mjinga, nilijua wananyamazia nini.

Kinyonga nilimpata kwa kahawa nikichuma. Wenzangu walitupa vikapu wakakimbia. Mimi pia niliogopa, usidhani. Akipanda mkono wangu nilisikia mwili wote unawasha, vidole vyake vinashika kama koleo ndogo, jicho moja linaniangalia na lingine linaangalia mambo yake. Lakini nilikuwa na hesabu yangu kwa kichwa. Kama ni chakula tulimnyima, si tumpe? Kila mtu kwetu anajua hiyo hadithi, na kila mtu akimwona kinyonga anaokota jiwe. Nani amewahi kumpa sahani? Hiyo ilinikasirisha hata nikiwa mdogo hivyo.

Nilimpeleka mbele ya kuka, kwa kiti chake cha barazani.

"Huyo ni nani?" akauliza.

"Ni mgeni."

Kuka akamwangalia sana. Sikujua kama atanichapa ama atacheka. "Mgeni amekula?"

"Bado."

"Na unamsimamisha nje hivyo?"

Kukhu alikataa kabisa aingie nyumba. Alisema hiyo kitu ikivuka mlango wake, yeye anarudi kwao, na huo uzee wote. Kwa hivyo nilikata tawi la kahawa, nikalisimamisha kwa debe la mchanga hapo barazani, na mgeni akakaa huko, kando ya kiti cha kuka.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwa hadithi, kinyonga aliomba chakula cha mtu. Kwa hivyo mimi nilimpelekea chakula ya mtu. Ugali nilimfinyangia kama punje ya wimbi. Hakuangalia. Nikamletea saga, nikamletea maharagwe, nikamletea chai kwa kijiko. Hakuangalia. Rangi yake ikaanza kuwa kama ya majivu na mbavu zikaonekana, na mimi nikaanza kulia nikiteka maji, maana kama angekufa njaa kwetu, si hiyo sasa ingekuwa mbaya kuliko mara ya kwanza?

Jumapili kukhu alichinja kuku kwa ajili ya kuka. Wewe ni wa huku, unajua firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto hagusi, mwanamke hagusi, hata khocha na ndevu zake hakugusa. Ililetwa juu ya ugali yake peke yake. Nikapiga magoti, nikamwambia kuka nataka hiyo, si yangu, ni ya mgeni. Khocha akaniambia nitoke hapo kabla hajanitoa. Kuka akachukua firigisi na vidole viwili, akaiweka kwa kiganja changu.

"Mpe," akasema. "Asiseme tulimficha ya maana."

Nikaiweka kwa tawi, kwa uma ya matawi mawili, mbele ya pua yake. Tukangoja. Kinyonga akaketi tu. Kisha nzi mmoja mkubwa wa kijani akaja, akatua juu ya hiyo firigisi, akaanza kupangusa mikono. Na hapo ndipo nikaona jicho la kwanza linageuka, na la pili linageuka, yote mawili kwa nzi. Ulimi ulitoka hata sijui vipi. Nzi hakuwa hapo tena.

Kuka alicheka mpaka akashika tumbo kwa uchungu. "Kumbe amekataa yangu anataka nzi," akasema. "Haya. Mtafutie."

Tangu siku hiyo nilijua. Hakuna mtu alinifundisha, hakuna kitabu, mimi nilisoma kwa huyo mnyama mwenyewe. Kitu ikiwa haitembei, kwake si chakula. Panzi wa kijani anapenda, wa kahawia anatema. Mende mgumu usimpe, atakabwa. Maji hatakunywa kwa kikombe hata umbembeleze, lakini ukinyunyiza majani analamba tone moja moja kama mtu anasali. Macho yakiingia ndani ya kichwa, ako na kiu. Akiwa mweusi asubuhi, ni baridi, mtoe kwa jua. Akifunga macho mchana, hapo ogopa.

Na kila jioni nikitoka kwa panzi, miguu imechunwa na nyasi, kuka alikuwa na swali lake moja. "Mgeni amekula nini leo?" Nilimhesabia yote, na nani aliruka, na nani alitoroka, na akisikiliza kukhu alimpitishia kijiko cha uji, na unajua, alimeza. Hakuwa anajua kama anameza. Kukhu ndio aligundua hiyo. Hakunishukuru, hakuwa mtu wa hivyo, lakini siku moja nikapata panzi amefungwa kwa jani la ndizi karibu na ndoo yangu. Mwanamke ambaye hangemgusa kinyonga hata na mti ya futi sita.

Mvua ikakuja na kumbikumbi wakatoka. Kuka alibebwa na kiti mpaka kwa kichuguu, akatuonyesha mahali pa kufunika na majani na mahali pa kuacha shimo, na sisi tukapiga magogo na vijiti, ta-ta-ta, ta-ta-ta, ili wale wa chini wadhani ni mvua. Wakamiminika na mabawa yao ya karatasi. Kukhu alikaanga hapo hapo na chumvi. Hiyo harufu, sijui nikuambie aje, ni kama siagi imeungua kidogo. Kuka alikula kiganja kizima. Mgeni naye alikula mpaka akakataa, akageuza uso kama bwana amechoka na harusi. Hiyo ndiyo siku nilijua tunashinda.

Hatukuwa tunashinda. Katikati ya mwaka miguu ya kuka pia ikavimba, na hospitali ya Bungoma wakasema apelekwe Kitale, kwa sababu huko mama atakuwa karibu na hospitali. Alipelekwa na pikapu ya kabeji, amelala kwa godoro, mimi kando yake wa kushika drip isiyumbe. Kukhu alibaki na ng'ombe. Mgeni alikuwa kwa kikapu chini ya leso yangu. Khocha mbele hakujua. Kuka alijua. Tukifika Kimilili akainua leso kidogo na kidole, akachungulia, akaifunika tena.

Kitale ya wakati huo ilikuwa baridi, bana. Mama alikuwa na chumba kimoja kwa ploti karibu na msikiti, na asubuhi ukungu uliingia mpaka kwa sufuria. Watoto hawakuruhusiwa wodi. Mama alienda kila jioni akitoka kwa mbegu, na akirudi alikuwa na swali la kuka kwa mdomo wake. "Ameniuliza mgeni amekula nini. Mimi nimemwambia sijui mambo ya mijusi. Sasa niambie nimwambie."

Kula nini, na Kitale hakukuwa na panzi? Ploti ilikuwa simiti. Nilizunguka nyuma ya vyoo, nikazunguka kwa soko, watu wakidhani mimi ni chokora. Aliyeniokoa ni jirani, mama mmoja Mwislamu aliyeuza maandazi na ndizi mbivu mlangoni pake. Ndizi zake zikioza zilivuta nzi wengi sana, na yeye alikuwa anapigana nao na gazeti kutwa nzima.

"Shikamoo mama, naomba nzi," nikamwambia.

Gazeti likabaki hewani. "Marahaba. Unaomba nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote, na hadithi, na tumbo ya kuka. Akaniambia, "Mimi hicho kidudu chako nakiogopa kuliko polisi. Ukileta karibu na unga wangu tutakosana. Lakini nzi, chukua, Mungu akuzidishie. Chukua na wa kesho." Baadaye alianza kuniwekea maganda kwa jua nyuma ya ukuta, apate kunikusanyia. Akipita mteja ananiambia kwa sauti ya chini, "Ficha mgonjwa wako."

Maana mgeni alikuwa mgonjwa. Julai ilipofika alikataa nzi. Nzi angetembea juu ya pua yake na yeye hafungui mdomo. Akawa mweupe, si kijani, si kahawia, mweupe kama mtu amepakwa unga, na akafunga macho mchana. Nilimweka karibu na jiko, nikamtoa nikihofia atakauka, nikamnyunyizia maji, nikajuta kumwongezea baridi. Sikuenda shule. Nilimvizia nzi mmoja mmoja, nikamfungia uzi wa blanketi kwa mguu ndio acheze mbele yake. Wapi. Mama alisema nikubali. Nikamwambia asiniambie hivyo tena, na mama yangu hakurudia, kwa sababu alijua siongei juu ya kinyonga peke yake.

Halafu asubuhi moja nikamwona anajikuna kwa tawi. Kitu kilikuwa kinamtoka kichwani kama karatasi ya sigara. Nikafikiri ndio anaisha. Nikasogea, na chini ya hiyo karatasi kulikuwa na kijani, wewe, kijani sijawahi kuona tena, kama mahindi ya wiki ya kwanza. Alikuwa anavua ngozi. Kinyonga, anavua ngozi kama nyoka. Kwa hadithi hiyo zawadi ilikuwa ya nyoka peke yake, na mimi nimelisha huyu mpaka amekuja nayo kwetu.

Nilikimbia peke yangu kwa hiyo ploti kama mwendawazimu. Nikampa mama kipande cha ngozi, nikamwambia kuka aishike, asiiangalie tu, aishike. Mama alienda nayo.

Alirudi na giza imeingia, akaketi kwa kitanda na viatu. Akasema amemwekea kwa kiganja. Amesema kuka ameigeuza geuza kwa mwanga wa dirisha, kisha akauliza lile swali lake. "Na wewe hukuniambia leo amekula nini," mama akasema. "Nimemwambia amekula vizuri." Kabla hatujaenda kuteka maji asubuhi, mtu wa hospitali alikuwa kwa geti.

Tulirudi Bungoma na yeye kwa sanduku. Turubai zilikuwa zimefungwa, wanawake wanalia, sufuria za matanga zinachemka chini ya ndizi. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, lakini si na watu. Nilienda nyuma ya kahawa nikamtoa mgeni kwa kikapu, nikamwinua mbele ya uso wangu, nikamuuliza. Nilikupa firigisi. Nilikupa kumbikumbi. Nilikuombea nzi kwa mlango ya wenyewe. Ulitaka nini ingine? Yeye akazungusha jicho, mzima, amenona, anang'aa kijani chake kipya. Nilitamani kumtupa kwa moto.

Hapo ndipo khocha alitukuta. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa na jembe, walikuwa wanamalizia shimo. "Kumbe ni hii," akasema. "Kumbe hii kitu imekuwa inalala kando ya baba yangu wakati wote." Watu wakaanza kujaa. Mtu akasema ndio, hiyo ndio imemmaliza mzee, mtoto ndio aliileta boma. Khocha akaniambia niiweke chini na nisonge.

Na mimi niliyekuwa nataka kumchoma dakika hiyo hiyo, nikamweka kifuani, nikamuuma khocha mkono mpaka damu. Sikujua kama bado nampenda. Nilijua tu amekula kwetu, na nani atamgusa.

Kukhu akaja katikati ya watu, leso ya matanga imefungwa kichwani. Watu wakampisha. Aliniangalia, akaangalia kile kitu alichokiogopa maisha yake yote, na akanyoosha kidole, akakigusa mgongo. 

"Huyu hakunyimwa chakula kwa hii boma," akasema. "Hakuna mtu atasema alinyimwa. Hebu rudini kwa shimo."

Wakarudi. Khocha pia. Kisha kukhu akaniambia mimi peke yangu, polepole, "Sasa mayi, mwachilie aende. Ameshiba. Ni sisi tumebaki na njaa."

Nilimweka kwa kayaba. Alipanda na ile hatua yao ya kupima pima, mbele, nyuma, mbele, mpaka kwa majani ya juu, na sikumwona tena hata nikikodoa. Ndipo nikalia.

Kukhu pia tulimzika, miaka michache baadaye. Khocha ameng'oa kayaba yote akaweka nguzo na waya, na kichuguu alikisawazisha apande miwa. Simlaumu sana, siku hizi network iko kila mahali na watoto wake wanahitaji karo. Krismasi iliyopita nilitembea hiyo shamba yote, kutoka kwa kaburi mpaka mtoni, kwa nyasi ya magoti, na wanapiga dawa ya wadudu mara mbili kwa msimu. Hakuna hata panzi mmoja aliruka mbele ya miguu yangu. Nilirudi viatu safi. Watu hapa Kitale wananiuliza kwa nini sikumwokoa yule wa juzi mapema, kama nawapenda hivyo. Ningemwokoa. Lakini hata kama ningefika kabla ya kiberiti, nikambeba, nikampeleka nyumbani mbali na barabara, mahali pa tawi na jua, bana, sijui ningemlisha nini.